Boti ya Jumapili, Bili za Jumatatu

Mwezi huu safu yetu inaingia baharini. Tafadhali usifunue ukurasa ukisema "mimi sina boti na wala sitegemei kuwa nayo". Subiri kwanza. Kama wewe na mwenzio mmewahi kununua kitu kwa furaha, halafu mkaanza kukilipia kwa kununiana, basi hii ni habari yenu.

Yetu ilianza na ufunguo. Mwezi wa pili mwaka jana mume wangu alirudi nyumbani jioni akauweka mezani, umefungwa kwenye kiboya kidogo cha njano. Hakusema kitu, alitabasamu tu kama mtoto aliyeficha pipi mdomoni.

"Baba, hii nini?" nikamuuliza.

"Boti," akajibu.

Nikacheka. Nilidhani utani. Kumbe mwenzangu yeye, kaka yangu mimi (yaani shemeji yake!) na rafiki yao mmoja walikuwa wamechanga milioni sita kila mtu wakanunua boti ya faiba ya futi 19, mtumba, na mashine yake ya nguvu farasi 40. Milioni 18 jumla. Fedha yake ilitoka kwenye malimbikizo ya mshahara, yale malimbikizo ambayo mimi kichwani nilikwisha yapigia lipu nyumba yetu ya Bunju, kuanzia sebuleni hadi jikoni.

Sikupiga kelele, jamani. Nilifanya kitu kibaya zaidi. Nilisema kwa sauti ya upole kabisa: "Sawa. Hiyo ni boti yenu. Msije mkaniomba hata senti tano."

Ikumbuke sentensi hiyo, msomaji wangu. Nitairudia baadaye, na sitairudia kwa kujisifu.

Nikaipenda ile mbaya

Nakuwa mkweli kwako kwa sababu safu hii haina maana bila ukweli. Wiki tatu hazikupita, nikawa mimi ndiye naulizia "Jumapili hii tunakwenda?" Kwa wasioijua Dar es Salaam vizuri, mbele ya pwani yetu ya kaskazini kuna visiwa vidogo vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, ambavyo vilitengwa kuwa hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975. Ukitoka Kunduchi, Mbudya unaiona kwa macho. Dakika chache tu, kelele za daladala zimekwisha, maji ni ya kijani, watoto wanachimba mchanga, na mume ambaye wiki nzima hakuinua macho kwenye simu anakukaangia samaki huku akikusimulia mambo ya utoto wake ambayo hujawahi kuyasikia.

Tulirudiana upya kwenye boti ile. Nasema hivyo kwa sababu wapo wasomaji watakaodhani naandika kuwaambia wanandoa wasistarehe. La hasha! Starehe ya pamoja ni sehemu ya ndoa. Tatizo letu lilikuwa kwamba starehe tuliila wawili, bili akawa anazilipa mmoja, tena gizani.

Maana tulipokuwa tunanunua, hesabu ilikuwa moja tu. "Gharama zake ni mafuta," walisema wale mabwana watatu. Mafuta tu! Hakuna aliyeuliza boti inalala wapi, nani anailinda, nani anaisugua, na mashine inaomba nini ikishamaliza kutubeba. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Mimi siku hizi naongeza moyoni: na vikishaundwa, vinalipiwa kila mwezi.

Kuanzia mwezi wa tano nikaanza kuona hela ya matumizi ya nyumbani inapungua. Nilipouliza, nikaambiwa "bei za vitu zimepanda". Nikakubali, kwani ni kweli zilikuwa zimepanda. Nikafidia kutoka kwenye mshahara wangu, nikanyamaza. Kila mtu akawa na siri yake ndogo na heshima yake kubwa.

Siku mashine iliponyamaza

Mwezi wa nane, Jumapili, tulikuwa tunarudi kutoka Mbudya kama saa kumi jioni. Huo ni msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini, na jioni bahari inachafuka kuliko asubuhi. Tulikuwa watu wanane: sisi wawili, watoto wetu wawili (mkubwa miaka sita, mdogo mitatu), kaka yangu na mkewe, na wageni wawili. Jaketi za kujiokolea zilikuwa sita.

Soma tena hapo. Watu wanane, jaketi sita. Tulijua. Tulikuwa tumesema "mwezi ujao tutaongeza mbili".

Katikati ya njia nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Mume wangu akageuka kuangalia nyuma, na uso wake ukabadilika. Mashine ya boti inapoozwa kwa maji ya bahari yenyewe. Inayavuta kutoka chini, yanazunguka ndani, halafu mengine yanatokea pembeni kwa kijimfereji chembamba ambacho vijana wa pwani wanakiita mkojo wa mashine. Mashine ikikojoa, iko salama. Yetu ilikuwa haikojoi. King'ora cha kuonya joto kilikuwa kibovu tangu tuinunue. Akaizima haraka, na pale pale kukawa kimya. Ukabaki upepo na mawimbi yakipiga ubavu.

Tukatupa nanga. Haikushika. Kamba ilikuwa fupi, kwa sababu kipande chake kirefu kilikatwa kutumika kwingine. Kanuni ni kwamba kamba ya nanga iwe angalau mara tano ya kina cha maji, na bahari ikichafuka mara saba, ili nanga ilale na kung'ata mchanga. Yetu ilikuwa inaburuzika tu, na sisi tunasukumwa kuelekea upande wa Ununio, ambako miamba ilikuwa inaonekana kwa weupe wa povu.

Nilimvalisha mwanangu mdogo jaketi yangu, ikamzidi ukubwa mara mbili, nikaikaza kwa kanga. Mume wangu alimpa mgeni mmoja ya kwake. Tukatazamana. Miaka minane ya ndoa, sijawahi kumwona ananitazama vile. Hakuwa na hofu ya maji peke yake. Kulikuwa na kitu kingine, na sikukijua mpaka usiku.

Tuliokolewa na wavuvi wa Kunduchi waliokuwa wanarudi na boti yao ya mbao, kimashine chao kidogo hata nusu ya nguvu ya chetu hakifiki. Walitufunga kamba wakatuvuta polepole mpaka ufukweni. Mzee wao hakutaka malipo, akapokea hela ya mafuta baada ya kubembelezwa. Alipokuwa anafungua kamba akaniambia, "Mama, bahari haina gereji." Hakunikaripia. Alisema kama mtu anayetaja bei ya nazi.

Shilingi elfu sitini

Kesho yake fundi aliifungua mashine. Kilichokufa ni impela, kile kijifeni cha mpira kinachovuta maji ya kupoozea. Kilikuwa kimekatika mabawa. Kwetu kilipatikana kwa shilingi 60,000.

Fundi akasema, bila nia mbaya kabisa, "Lakini bosi nilikuambia hii tangu mwezi wa sita."

Nilisubiri watoto walale. Nikamuuliza mume wangu kwa nini aliacha kitu cha elfu sitini kitutie wote kwenye hatari. Akanyamaza muda mrefu, halafu yakatoka yote. Mfuko wa boti ulikuwa mtupu tangu mwezi wa nne. Wenzake walikuwa wanachanga kwa kusuasua, kwani hawakuwahi kupatana nani atoe nini. Yeye kwa aibu ya kuonekana ndiye aliyeleta wazo, alikopa milioni mbili SACCOS kazini mwezi wa tano. Shilingi 190,000 zilikuwa zinakatwa kwenye mshahara kila mwezi. Ndiyo maana bei za vitu "zilipanda".

"Kwa nini hukuniambia?"

"Si ulisema nisije nikakuomba hata senti tano?"

Jamani! Nilitaka kubisha, nikakosa pa kuanzia. Mimi ndiye niliyefunga mlango siku ile ya ufunguo, halafu nikaingia kwenye boti kwa dirishani, nikapiga picha, nikaalika wageni, nikala samaki. Alikosea kunificha mkopo, na nilimwambia hivyo bila kumung'unya maneno, maana deni la siri ni ufa kwenye ndoa yoyote. Lakini mtu anayefaidi kitu huku amekataza kisitajwe mezani, naye ana sehemu yake kwenye kosa. Hilo lilinichukua siku mbili kulimeza.

Daftari

Siku ya tatu nikaenda dukani nikanunua kaunta buku. Mali bila daftari huisha bila habari, si ndivyo tulivyofundishwa shuleni? Tukakaa usiku mmoja, chai ya tangawizi katikati, tukaandika kila shilingi ambayo boti inaomba kwa mwaka. Nakuwekea hesabu zetu hapa kama zilivyo. Zako zitatofautiana, lakini vikapu vitabaki vile vile vitatu.

Kikapu cha kwanza ni gharama za kukaa tu. Hizi unalipa hata kama boti haijatoka mwezi mzima. Boya letu la kufungia boti na nafasi ya stoo ya mashine ni shilingi 100,000 kwa mwezi, sawa na 1,200,000 kwa mwaka. Kijana anayeilinda, kuisafisha na kutoa maji ya mvua ni 40,000 kwa mwezi, yaani 480,000. Bima ni 450,000. Ukaguzi, leseni na makaratasi mengine tuliweka 150,000. Huku Bara mwenye dhamana ya usalama wa vyombo vya majini ni TASAC, na usithubutu kuwaona kama kero. Mkaguzi makini angehesabu zile jaketi kabla yetu. Jumla ya kikapu hiki: 2,280,000.

Kikapu cha pili ni gharama za kutembea. Mashine kama yetu ukiikandamiza hadi mwisho inaweza kunywa lita 15 hadi 20 kwa saa. Ukiipunguza ikaenda kwa starehe, inakunywea kidogo zaidi ya nusu ya hapo. Kwa safari yetu ya kawaida, pamoja na kuzungukazunguka, tunatumia lita 25. Tulihesabu petroli kwa shilingi 3,000 kwa lita ili kichwa kisiume, lakini kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wanatangaza bei kikomo, basi rekebisha hesabu siku hiyo. Hapo ni 75,000. Mashine zetu hizi za kuchanganya oili zinataka lita moja ya oili kwa kila lita 50 za petroli, kwa hiyo nusu lita nyingine, shilingi 6,000. Safari moja ni 81,000. Kwa safari 20 kwa mwaka: 1,620,000. Hicho ndicho kikapu pekee ambacho wale mabwana walikuwa wanakiona.

Kikapu cha tatu ndicho kinachoua boti na kugombanisha watu, kwa sababu hakidai leo. Ni gharama za kuchakaa. Mashine inataka huduma kila baada ya saa 100 za kufanya kazi au walau mara moja kwa mwaka: plagi, oili ya gia, impela, chujio la mafuta, na vile vipande vya zinki vinavyofungwa ili chumvi ivile vyenyewe badala ya kula chuma cha mashine. Kwa sababu yetu ni ya zamani tunaifanyia mara mbili, 200,000 kila moja, jumla 400,000. Kuipandisha boti, kuisugua na kuipaka rangi chini ni 600,000. Kamba, betri, jaketi, kizima moto na vikorokoro vingine ni 300,000. Halafu kuna kile ambacho hakuna aliyetaka kukiandika: mashine hii itakufa siku moja. Mpya tulikadiria milioni 9. Tukijipa miaka sita, lazima tuweke 1,500,000 kila mwaka kuanzia sasa. Jumla ya kikapu: 2,800,000.

Jumlisha vikapu vyote vitatu. Ni 6,700,000 kwa mwaka.

Mume wangu aliweka kalamu chini akaenda kusimama barazani.

Boti ya mtumba haina matunzo ya mtumba

Kuna kanuni ya jumla inayotajwa sana na wenye boti duniani, kwamba utenge sehemu ya kumi ya bei ya boti kwa matunzo ya kila mwaka. Kanuni si mbaya, lakini inawadanganya watu kama sisi. Sehemu ya kumi ya milioni 18 ni 1,800,000. Sisi hata ukiiondoa petroli na oili yake yote, tunabaki na 5,080,000, zaidi ya robo ya bei tuliyonunulia. Kwa nini? Kwa sababu impela haijui kama boti ulinunua kwa bei poa. Rangi inauzwa kwa kopo, haiulizi umri wa faiba. Boya linalipiwa sawasawa. Bei ya mtumba inashuka kila mwaka, lakini matunzo yanafuata bei ya kitu kipya, na mara nyingi cha zamani kinaomba zaidi. Hata kwenye gari ni hivyo hivyo, wewe mwenye gari la kifahari la miaka 18 unajua nasema nini.

Wapo watakaosema faiba haiozi kama mbao, matunzo ya nini? Waulize wazee wa majahazi. Wao hupandisha chombo pwani, wakakisugua, wakarudisha kalafati kwenye nafasi za mbao, chini wakapaka shahamu, yaani mafuta ya mnyama na chokaa, na juu wakapaka sifa, mafuta ya papa. Hawafanyi vile kwa urembo. Faiba kweli haihitaji kalafati, lakini ikikaa majini miezi michache inaota majani na vidude vigumu kama vikombe vidogo, boti inakuwa nzito, na wewe unalipa uvivu wako kwa petroli kila Jumapili. Sisi tunangoja bamvua, maji yakijaa sana tunaisogeza mchangani, yakitoka inabaki pakavu tunasugua, yakirudi tunaondoka nayo. Ni kazi ya jasho, ila haina bili ya winchi. Kwa rangi tunaipandisha kabisa.

Na kuna dawa moja ya bei rahisi kuliko zote: maji baridi. Tukirudi, vijana wawili wanaibeba mashine, inaungurumishwa kwenye pipa la maji yasiyo na chumvi dakika kumi, ndiyo inalazwa stoo. Ndoo kadhaa za maji zinaokoa mamilioni. Tulikuwa hatufanyi hivyo mwanzoni kwa sababu tulikuwa tunawahi nyumbani kuangalia mpira.

Manahodha wengi

Baada ya daftari tuliwaita wenzetu nyumbani, wanaume kwa wanawake. Wifi yangu alishangaa ile mbaya. Hakujua hata mumewe alitoa milioni sita au mbili. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba boti ilikuwa na wenye hisa watatu lakini abiria sita, na watatu kati yao hawakuwa na sauti wala wajibu. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na chetu nusura kiende kweli.

Hesabu ilisema hivi: 6,700,000 gawa kwa watatu ni kama 2,233,000 kwa kila nyumba kwa mwaka, zaidi ya 186,000 kila mwezi. Gawa kwa safari 20, kila safari inatugharimu 335,000. Na kabla ya kuwa na boti, tulikuwa tunakodi ya mtu kwa shilingi 150,000 siku nzima, na yeye ndiye aliyekuwa anaumia kichwa! Rafiki yao akasema tuuze. Kaka yangu akasema tuendelee, Mungu atajalia. Mume wangu hakusema kitu. Nadhani alikuwa ananingoja mimi niseme "nilikwambia".

Sikusema. Nilisema tusidanganyane kwamba hii ni akiba au uwekezaji. Ni starehe, na starehe inaruhusiwa ikiwa tunaweza kuilipia bila kukopa na bila kufichana. Tukatafuta njia, tukampata wa nne, jirani yao wa zamani na mkewe, wakanunua robo kwa 4,500,000. Sisi watatu tukagawana milioni moja na nusu kila mmoja. Mume wangu alimaliza deni la SACCOS lililobaki, 1,350,000, na ile 150,000 iliyosalia ikanunua jaketi mbili za kujiokolea na kuchangia kamba ndefu ya nanga. Ndiyo hela iliyotumika vizuri kuliko zote kwenye mkasa huu.

Sasa kila nyumba inatoa shilingi 106,000 kila mwezi, boti itoke isitoke, na anayeitumia analipa mafuta yake. Fedha inakaa kwenye akaunti ya peke yake, na mtunza hazina ni mke wa yule wa nne. Ni mhasibu, hataniwi kwenye senti. Tumeandika pia karatasi, sahihi nane: asiyelipa miezi miwili hapewi ufunguo, aliyegonga mwamba anatengeneza, anayetaka kujitoa anawauzia wenzake kwanza, na jaketi zikipungua kwa idadi ya watu, safari haipo, hata kama samaki wameshakolezwa ndimu.

Maswali ya kuulizana kabla ya kununua

Kama wewe na mwenzi wako mnaifikiria boti, au hata gari la pili, shamba la mbali au chochote kinachokula kikiwa kimelala, kaeni chini muulizane haya:

1. Kikiwa hakitumiki mwezi mzima, kitatugharimu kiasi gani?
2. Tukijumlisha gharama zote za mwaka na kugawa kwa siku tutakazokitumia kweli, je, kukodi si nafuu?
3. Kipande cha bei kubwa kuliko vyote kitakufa lini, na hela yake tunaanza kuiweka lini? Kwa boti ni mashine. Kabla hamjanunua, mleteni fundi wenu, si wa muuzaji, aikague, na agonge ule ubao wa nyuma unaobeba mashine kuona kama umeoza ndani.
4. Nani ataambiwa kwanza hela ikipungua? Jibu likiwa "hakuna", msinunue.
5. Kipi cha usalama hatutakigusa hata mfuko ukiwa mtupu?
6. Ni kitu gani kingine cha nyumbani kitasubiri kwa sababu ya hiki, na je, wote wawili tumekubali kisubiri?

Hilo la mwisho lilituuma. Nyumba ya Bunju bado haina lipu. Tumekubaliana, safari hii kwa maneno ya wazi, kwamba vyumba vya watoto vinapigwa mwaka huu na sebule itangoja. Siwezi kusema sioni wivu nikipita kwa jirani. Naona. Lakini ni uamuzi nilioshiriki, na hilo ni tofauti kabisa na kugundua.

Wiki iliyopita nilikuwa jikoni nakuna nazi, mume wangu akaja akasimama mlangoni. "Mama," akasema, "fundi anasema plagi moja imechoka. Elfu kumi na tano. Ipo kwenye mfuko, ila nimeona nikwambie." Halafu akaenda zake kuangalia mpira.

Msomaji wangu, nimewahi kuletewa maua na mtu huyu, na nimewahi kununuliwa gauni. Sikumbuki kama nilitabasamu peke yangu jikoni kama siku ile.

Tukutane tena mwezi ujao, Mungu akipenda. Mpaka wakati huo pendaneni, hesabuni pamoja, na mkipanda chombo chochote, hesabuni kwanza jaketi.